Ndoo Mbili Mpya kwa Moja Kuukuu

Jumanne, tarehe 4 Agosti 2020. Karuba.

Fakilte yetu ya chuo inafunguliwa! Mwakilishi wa darasa ametuma ujumbe kutoka Goma: masomo tarehe kumi, mitihani ya mwaka wa kwanza tarehe ishirini na nne. Asiyekuwepo kwenye mitihani anapoteza mwaka mzima. Nimerukaruka jikoni hadi nikamwaga maharagwe. Tangu korona ilipotufungia chuo mwezi wa tatu, mimi, mwanafunzi wa kilimo, niko hapa nyumbani navuna. Jina la maharagwe kwa Kilatini ninalijua vizuri. Hayavuniki haraka zaidi kwa sababu hiyo.

Papa, baba yangu, amesema hapana, siendi sasa. Hakuna mtu kutoka nyumbani kabla ya harusi ya dada Marie, tarehe kumi na tano, siku makanisa yatakapofunguliwa. Lakini Pasta Nestor anasema kanisa letu litakaguliwa kwanza. Muuguzi atakuja Jumatano ya wiki ijayo, na asipokuta ndoo za robine, zile zenye bomba dogo chini, za kunawia mikono mlangoni, kanisa linabaki limefungwa. Bila kanisa hakuna harusi. Bila harusi hakuna fakilte.

Kanisani hakuna ndoo hata moja.

Nitazileta mimi. Si nimesoma?

Jumatano, tarehe 5

Nimefanya utafiti. Ndoo ziko! Wakati wa Ebola mradi mmoja uligawia kila nyumba ndoo yenye robine. Ebola haikufika kwetu, ndoo zikajitafutia kazi nyingine. Kwa jirani yetu Papa Théophile inahifadhi maziwa. Kwa Mama Nyiraneza inahifadhi kasiksi, ile pombe yake ya ndizi. Kwetu Mama ametia unga wa muhogo. Ukifungua robine, unga unatoka kidogo kidogo. Mama anasema hiyo njo dawa ya wageni wanaokula sana.

Nimepanda kwa Mama Nyiraneza kumuomba yake. Sentensi yangu nilikuwa nimeirudia njia nzima. Akaniuliza, "Karibu, mutoto ya chuo, unatafuta nini?" Nikajibu: hakuna. Akanipa ungo nipepete maharagwe. Nimepepeta mpaka jioni. Nimerudi bila ndoo, ila amesema mimi ni msichana mwenye adabu kushinda wote wa mlima huu. Si haba.

Njiani nimekutana na Magloire. Yuko mwaka wa pili katika fakilte yetu na ananiita "bleu", jina wanalowapa wanafunzi wapya, kama vile hapa Karuba pia kuna mwaka wa kwanza. Ameshamwambia Pasta kwamba ndoo atazileta yeye. Ameazima megafoni ya timu ya mpira. Ameniambia niache kazi ya wakubwa.

Ijumaa, tarehe 7

Magloire amezunguka mlima mzima na megafoni tangu jana. Ndugu wapendwa, leteni ndoo zenu kwa ajili ya afya! Kila mtu amesikia. Hakuna aliyeleta. Papa Théophile amesukuma yake chini ya kitanda. Nimefurahi sana! Kisha nimekumbuka mitihani yangu.

Basi nimefikiri. Kusema mbele ya watu siwezi. Kunong'oneza mtu mmoja ninaweza. Leo tulipoteka maji nimemnong'oneza Mama Nyiraneza, kwa siri kabisa, kwamba ule mradi unarudi. Atakayeweka ndoo kuukuu mlangoni mwa kanisa kabla ya Jumatano atapewa mbili mpya. Nimemuomba kwa jina la Mungu asimwambie mtu. Ameapa. Hata kichwa ametikisa.

Nilipoinua dumu langu nirudi, yeye tayari alikuwa anakimbia kupanda mlima, la kwake amelisahau pale pale.

Jumapili, tarehe 9

Tumesali nyumbani, kama kila Jumapili ya korona. Baada ya amina, Mama amemvuta Papa pembeni na kumwambia jambo moja la siri sana: mradi unatoa ndoo tatu. Tatu! Kidogo nimkosoe.

Mchana ndoo kumi na mbili zilikuwa mlangoni mwa kanisa. Na Magloire? Ameunda komite. Rais: yeye. Makamu: Mama Nyiraneza. Kuna hata mshauri. Anagawa jetoni, vikadi alivyokata kwenye karatoni ya sabuni, kila kimoja kina sahihi yake. Asiye na jetoni hatapata ndoo mpya.

Uongo ni wangu, na rais wake ni Magloire!

Nimepanga foleni kama wote. Amenipa jetoni, akainama na kunionya: "Bleu, hii iko siri. Usipeleke kinywa yako kila pahali."

Jumatano, tarehe 12

USHINDI!

Ndoo kutoka mlango wa kanisa mpaka barabarani. Zingine zimetoka Mushaki kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, zimefungwa kwa kamba juu ya ule ubao kama mizigo ya makaa. Mzee mmoja ameleta robine peke yake, akaomba ahesabiwe nusu. Mama yetu ameleta ndoo yenye unga bado ndani.

Papa Zéphyrin, muuguzi, amesimama mbele ya jeshi hilo la plastiki na kuvua miwani. Amesema hajaona kanisa kama hili tangu korona ianze. Akachagua ndoo moja, akafungua robine.

Kasiksi.

Nimefumba macho. Nimeona mwaka wangu unatiririka hapo chini majanini. Papa Zéphyrin amenusa vidole vyake, mara ya kwanza, mara ya pili. "Iko na alkoli," akasema. Pasta Nestor ameshika kichwa. Papa Zéphyrin akaendelea, kwa sauti ya ofisi: "Njo vile Kinshasa wanashauri. Hata sisi kwenye kituo cha santé tunakosa." Akanawa nayo, mpaka kwenye viwiko. Halafu akaagiza ndoo ile ifungwe vizuri kwenye pikipiki yake. Anataka kuichunguza zaidi.

Kanisa litafunguliwa! Magloire ameshika megafoni akamshukuru Magloire.

Jumamosi, tarehe 15

Harusi imefanyika, ingawa kidogo tu ishindikane.

Dada Marie alikuwa mzuri, barakoa yake imeshonwa kwa kitambaa cha gauni. Pasta ameuliza kama kuna mtu mwenye kizuizi. Halafu Papa Théophile amesimama, jetoni mkononi. Bwana harusi akageuka rangi. Papa Théophile akauliza ndoo mpya zinafika lini, maana maziwa yake yanalala kwenye sufuria.

Kanisa zima likaguna: njo vile! Magloire akaruka juu, akasema mzigo umekwama Sake kwa sababu ya barabara. (Nani alimwambia? Mimi sikusema Sake!) Pasta akauliza: na ndoa je? "Ah, ndoa haina shida," Papa Théophile akasema, akakaa. Wakaoana.

Papa hakuniondolea macho wakati wote wa pilau. Nyumbani ameniuliza mara moja tu habari ya ndoo mpya imetoka kwa nani. Nimesema yote kwa sentensi moja, kwa sababu nyingine isingetoka. Hakupiga kelele. Amesema siendi Goma mpaka niwaambie watu ukweli, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kwa mdomo wangu! Heri angesema nilime Masisi yote kwa jembe.

Jumatatu, tarehe 17

Komite ilikutana kanisani. Nimesimama mbele ya watu. Nilitaka kusema ndoo mpya hazipo. Nimesema, "Ndoo mpya hazipo hapa." Ni ukweli mtupu!

Mama Nyiraneza akauliza: basi ziko wapi, Goma? Nimeinama kurekebisha kandambili. Wakasema, mnaona, hakatai.

Wakaamua mtu atumwe Goma kuzifuatilia. Magloire ameinua mikono yote miwili. Wakamwambia rais hatoki, rais analinda ndoo kuukuu. Aende huyu mutoto, kwa sababu anajua kutunza siri. Papa akafungua mdomo, na Papa Théophile akamkata: "Papa Marie, usizuie maendeleo!"

Wamenikodia pikipiki. Wamenipa jibini mbili, mfuko wa maharagwe na kuku. Papa alikuja mpaka barabarani, akaniambia sikioni: waambie sasa, ao shuka. Nimewaambia! Nimesema mradi hakuna, nimewadanganya, mnisamehe. Injini ilikuwa inanguruma. Walipunga mikono, wakaimba.

Papa ndiye peke yake hakupunga. Lakini midomo yake ilicheka kidogo, nimeiona.

Jumatano, tarehe 19. Goma.

Nimeandikishwa! Jina langu liko ukutani, mitihani ya tarehe ishirini na nne, herufi nzima nzima. Nimelisoma mara nne.

Jambo dogo tu. Mama Adelaïde, mwenye nyumba ninakopanga, aliwaza korona imenimaliza, akampa kitanda changu msichana mwingine, Uwamwezi, anayesomea uuguzi na ana shangazi hapa hapa Goma. Ninalala sakafuni kando ya mfuko wa maharagwe. Siwezi kusoma hivi.

Njia nzuri ni kumwambia Mama Adelaïde waziwazi. Nimerudia sentensi yangu uani kutwa. Ameniuliza ninataka nini. Nimejibu: hakuna. Nimempepelea makaa mpaka chakula kimeiva. Amenisifu.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitamnong'oneza Uwamwezi, kwa siri kabisa, kwamba kuna mradi unaowapa magodoro wanafunzi wanaolala kwa shangazi zao. Na safari hii nimekuwa na akili. Kosa langu Karuba nimeliona: ndoo mbili zilikuwa nyingi mno.

Nitaahidi godoro moja tu.