Mgonjwa Namba Mbili, Tano na Nane

Kwa niaba ya Kamati ya Ubora na Usalama wa Madaktari wa Familia, yenye ofisi yake Kamukuzi, Mbarara, nina heshima kuwatangazia wananchi wote na wakimbizi wote wa Nakivale kwamba ukaguzi wa mwaka 2011 umekamilika, na umekamilika vizuri sana. Mimi ni katibu wa Kamati. Niliomba Mungu kabla ya kuandika taarifa hii, na nimeandika kweli tupu.

Kliniki iliyokaguliwa ni ya Daktari Appolinaire, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, huko Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni nyumba ya vyumba viwili yenye daktari mmoja na muuguzi mmoja, Mama Mukarukundo. Watu wa Juru hawana daktari mwingine. Ikifungwa, mgonjwa anapakiwa kwenye baiskeli na kusukumwa nusu siku. Jambo hili halimo kwenye fomu yetu, kwa hiyo hatukulijadili.

Uamuzi wa kuifunga ulipitishwa Jumatano, Kamukuzi. Ukaguzi ulifanyika Alhamisi. Wapo watakaouliza kwa nini uamuzi ulitangulia. Ni kwa ajili ya ufanisi. Mwenyekiti wetu, Bwana Barugahare, hapendi kukagua kitu ambacho bado hajakielewa.

Kosa la daktari lilikuwa zito. Katika kipengele cha "wagonjwa waliorudi", kliniki zote za wilaya zilikuwa na mamia. Yeye alikuwa na wanne. Mwenyekiti alishika kichwa.

"Watu wanaenda mara moja tu, hawarudi," alisema. "Hiyo huduma ni mbaya kiasi gani?"

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba labda wamepona. Mwenyekiti aliniambia nisilete siasa.

Basi tukaenda, mwenyekiti, mimi na dereva wetu Shakib, tukiwa na barua ya kufunga, iliyokwisha kupigwa mihuri, na utepe mwekundu wa kuzungushia mlango. Tulikuta benchi tupu. Mgonjwa alikuwa mmoja tu, Nyirabizimana, mama mwenye mimba ya miezi minane na miguu iliyovimba, ambaye hupimwa presha kila wiki.

"Wagonjwa wako wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Leo ni siku ya mgao, papa," alisema Mama Mukarukundo. "Batu bote bako ku laini ya mahindi na maharage."

"Hata wagonjwa?"

"Bagonjwa ndio batu ba kwanza. Balifika saa kumi ya asubuhi."

Kamati haikujua kuna siku ya mgao, kwa sababu siku hiyo hutangazwa Nakivale na siyo Kamukuzi. Lakini fomu inasema kliniki ikaguliwe ikiwa inahudumia wagonjwa wasiopungua kumi.

"Nenda ulete tisa," mwenyekiti alimwamuru muuguzi.

"Nitabatoa wapi? Ule mwenye anatoka ku laini anapoteza mgao wa mwezi muzima. Wewe utalisha batoto bake?"

Mwenyekiti alimtazama Nyirabizimana, akauliza kama mtoto aliye tumboni anaweza kuhesabiwa. Baada ya kutafakari alijijibu kwamba hawezi, kwa kuwa hana kadi. Hapo ndipo nilipoona kipaji cha uongozi. Mwenyekiti alisema wanakamati ni binadamu, na binadamu yeyote anaweza kuwa mgonjwa. Sisi tulikuwa watatu. Kila mmoja akipita mara tatu, tunapata tisa. Ukiongeza huyu mama, kumi kamili.

Nyirabizimana alikuwa mgonjwa namba moja. Daktari alimpima taratibu, akamwambia presha yake ni nzuri, akamwonyesha namna ya kuinua miguu. Mwenyekiti aliandika: "Daktari anaongea sana na wagonjwa."

Kisha yeye mwenyewe akaketi kama mgonjwa namba mbili.

Daktari Appolinaire alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akabonyeza, akasikiliza. Akaandika mia mbili na kumi kwa mia moja na thelathini.

"Mzee, kichwa kinauma?"

"Usiniulize maswali. Mimi niko kwenye kazi. Anayefuata."

Nilipita mimi, mgonjwa namba tatu, mzima. Shakib akapita, namba nne, mzima. Mwenyekiti akarudi kama namba tano: mia mbili na kumi na nne. Nilirudi mimi, akarudi Shakib. Mwenyekiti akarudi kama namba nane, akiwa ameshaanza kutoa jasho: mia mbili na ishirini.

"Mzee, lala hapa," alisema daktari.

"Sitalala. Nilikuwa naigiza tu."

"Munaigiza muzuri sana. Presha imesadiki."

"Hicho kipimo ni kibovu. Katibu, andika kipimo ni kibovu."

Niliandika. Daktari hakukasirika. Alimpima tena Nyirabizimana, akanipima mimi, akampima Shakib. Wote tulikuwa sawa. Kipimo kilikuwa kibovu kwa mtu mmoja tu.

"Mzee, kubali tu," alisema Shakib. "Tangu Mbarara unashika kichwa. Na njiani, pale Ngarama, umeniambia unaona ng'ombe wawili, na mimi niliona mmoja."

Mwenyekiti alisimama, akaionyesha barua ya kufunga, yenye tarehe ya jana, akairudisha kwenye mfuko ili ashike utepe. Alifika mlangoni na utepe, akaushikilia ukuta, akauliza kwa nini nyumba inatembea. Mama Mukarukundo alimshika mkono wa kuume, Nyirabizimana akamshika wa kushoto, huku akishikilia tumbo lake mwenyewe. Wakamlaza.

"Vua viatu, papa," alisema muuguzi. "Hapa hata bakubwa banavua."

Nilipiga magoti pembeni ya kitanda, nikamwombea. Nilisahau kuomba Mungu atusaidie kuifunga kliniki ile, Mungu anisamehe.

Daktari alimpa vidonge, akakaa naye mpaka jioni. Presha ilishuka kidogo. Alisema mgonjwa asipande gari kwenye barabara ile kwa siku tatu. Mwenyekiti alifumbua macho.

"Kesho ni siku ya kazi," alisema. Tulielewa hofu yake. Idara yetu ina kanuni kwamba mtumishi asiyefika kazini bila karatasi ya kliniki iliyothibitishwa anahesabiwa ameacha kazi. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe, akaitumia kwa watu sita.

"Daktari, niandikie karatasi."

"Nitaandika, mzee. Lakini kliniki yangu imefungwa tangu jana. Barua iko ku mfuko yenu."

Mwenyekiti aliomba fomu. Akiwa amelala chali, alijaza vipengele vyote arobaini na viwili. Usafi: bora. Usalama: bora. Penye "daktari anaongea sana na wagonjwa" aliongeza "kwa faida yao". Akasaini, nikagonga mihuri yote saba. Barua ya kufunga aliichana mwenyewe. Kipimo pia kilithibitishwa kuwa ni kizima.

Ndipo daktari akaandika karatasi yake, kwa uaminifu, kama anavyowaandikia wote: "Mgonjwa apumzike siku tatu. Asipewe kazi yoyote ya ukaguzi mpaka presha ishuke chini ya mia moja na arobaini."

Mkurugenzi wetu aliisoma kwa makini. Alisema karatasi kutoka kliniki yenye mihuri saba haiwezi kupingwa, hasa na aliyeithibitisha. Bwana Barugahare aliondolewa uenyekiti siku ile ile. Alipokata rufaa, alijibiwa kwamba anayeweza kumwandikia kuwa amepona ni daktari wake tu.

Kwa hiyo kila Jumatano anasafiri mpaka Juru. Wiki iliyopita nilimsindikiza. Benchi lilikuwa limejaa, na watu wengine walikaa chini. Alipita moja kwa moja hadi mlangoni, akamwambia Mama Mukarukundo kwamba yeye ndiye aliyeipa kliniki hii ruhusa.

"Aksanti mingi, papa," alijibu muuguzi. "Kaa nyuma ya ule mama wa mapacha."

Alikaa. Ilipofika zamu yake, presha ilikuwa mia moja na sabini.

"Bado, mzee," alisema Daktari Appolinaire. "Murudi wiki ijayo."