Doa la Masika

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mvua mpaka asubuhi. Makuti yamevuja, maji yameteremka ukutani juu ya kitanda. Cadija, mke wangu, kaniomba nipande paa nizibe. Nikapanda kitandani, nikalitazama doa. Lo! Kahawia pembeni, katikati ukungu wa kijani. Exposição, maonyesho ya picha ya Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, inataka picha za dhahania, zisizoonyesha kitu, kuhusu misimu. Masika yamejichora chumbani kwangu! Leonel, mpiga picha za vitambulisho, naye anashindana. Atajuta.

Jumatano, 5 Februari
Doa bado changa. Nimemwambia Cadija makuti yameadimika Mocímboa nzima. Kauliza yale aliyoyanunua yeye, yaliyolala uani, ni nini. Nikayapeleka msikitini, sadaka. Nani atamkaripia mtu aliyetoa sadaka? Cadija kanikaripia. Kanikumbusha nyumba ni yake, mimi nilikuja na mkoba tu.

Ijumaa, 7 Februari
Limeiva! Nimelimwagia ndoo ya maji lishuke kidogo kulia. Picha imetoka, nimeituma. Udongo unamdondokea Cadija usoni, siku hizi analala amekaa. Roho imeniuma. Kidogo.

Jumapili, 9 Februari
Ukuta umeanguka. Alhamdulillahi, tulikuwa uani. Cadija aliijenga nyumba hii tuliporudi kutoka ukimbizini, akaikandika kwa mikono yake. Hakulia. Kakaa juu ya kinu, anaitazama tu. Heri angenitukana. Leonel kaja kutoa pole. Kupeleleza huko!

Jumatano, 12 Februari
Pemba wamejibu. Eti Senhor Buanali, picha yako ni ukuta uliolowa, tunakushauri umwite fundi. Sasa ndipo wanasema! Ya Leonel imepita. Kidole chake kiliziba kamera juani, picha nzima nyekundu, akaiita Kiangazi. Kidole!

Ijumaa, 14 Februari
Tumehamia kwa mama mkwe, Bi Ancha. Nalala stoo na kuku. Cadija haongei nami. Kamtuma mama yake aniambie: nikiusimamisha ukuta kabla ya Ramadhani, atarudi. Nisipousimamisha, nichukue mkoba wangu. Nimeapa mbele ya Bi Ancha, machozi yananitoka: kesho alfajiri nachimba udongo.

Jumamosi, 15 Februari
Sijachimba. Juu ya mlango wa Bi Ancha kuna ufa, maji yanapenya taratibu, na pembeni ukungu umeanza, wa zambarau! Nimemwomba, kwa heshima zote, asiuguse mpaka kipupwe.