Basi Nililoahidi Arlington

Jumamosi, 7 Oktoba 2006

Leo nimeingia siasani. Rasmi! Kathure, binti wa nesi mmoja Mmeru wa hapa Arlington, anagombea ubunge wa jimbo la Texas. Ana miaka ishirini na sita. Mimi kwa umri huo nilikuwa Mombasa, nasubiri viza na kumaliza chai ya mama.

Nimekwenda ofisini kwake nimevaa suti. Ofisi yenyewe zamani ilikuwa duka la dobi. Bado inanuka mvuke wa pasi. Nikamwambia mimi si mtu wa kubandika stika, mimi ni mshauri. Akacheka kwa adabu, akaniita Anko Swafwani, akanipa stika nibandike.

Sera yake ni moja: watu wamepoteza imani na viongozi, naye anataka kuirudisha. Sawa, mbunge aliyeko madarakani huonekana kwenye kadi ya Krismasi tu. Lakini njia ya huyu binti! Hataahidi asichokiweza. Akiulizwa asilolijua, atajibu "sijui". Nikahisi kizunguzungu, na si kwa sababu ya saumu. Nani aliwahi kupewa kura kwa kusema sijui?

Mpango wangu: akishinda atahitaji mkuu wa ofisi kule Austin, makao ya bunge. Mtu mzima, mwenye suti. Nitaachana na kubeba abiria wa uwanja wa ndege. Nimemwambia mke wangu Hamdiya aanze kufikiria Austin. Amesema kwanza anafikiria futari.

Kikwazo ni kimoja. Elphas, meneja wa kampeni, kijana wa Kakamega anayesomea takwimu. Ana ramani za rangi. Mimi simwamini mtu mwenye ramani za rangi.

Jumatatu, 9 Oktoba

Elphas amenipa Mtaa wa Willow. Maagizo: gonga, jitambulishe, sikiliza, usiahidi. Hilo la mwisho kalirudia mara mbili, kama naye ni mwalimu wa chuo cha Kurani na mimi nimesahau msahafu.

Mlango wa kwanza, bibi mmoja mzee anaitwa Wanda. Macho yamemfifia, hawezi tena kuendesha gari. Akaniuliza mji mzima huu hauna hata basi moja, yeye afike vipi kliniki? Nikasikiliza. Nikasikiliza sana. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia Kathure ataleta basi, tena litasimama pale pale kwenye kona yake. Lo, uso ulivyong'aa! Akanishika mikono yote miwili.

Ng'ambo ya barabara, bwana mmoja ana gari kubwa kama nyumba ya Mji wa Kale. Huyu akasema ole wake atakayeleta mabasi hapa, kelele, moshi, wageni. Nikamhakikishia kwamba Kathure akiwa hai halitapita basi. Akanipa mkono kwa nguvu, bado vidole vinauma.

Upande wote wa kushoto nimeahidi basi. Upande wote wa kulia nimeahidi hakuna basi. Mtaa mzima wetu! Elphas na ramani zake angehitaji mwaka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Simu ofisini hazipumziki. Nusu wanauliza basi linaanza lini. Nusu wanashukuru kwamba halianzi. Kathure kachanganyikiwa kabisa. Elphas kaniangalia. Mimi nimeangalia dari.

Nikatoa ushauri wangu wa kwanza kama mshauri: hii ni fitina ya mpinzani, tumshtaki redioni. Kathure akasema hatumsingizii mtu bila ushahidi, hata yule. Hata yule! Siasa gani hii?

Akaniuliza pole pole kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikamwambia ndiyo. Akasogeza kiti. Nikamwambia pasi kuukuu walizoziacha madobi ukutani zingeondolewa, zinatia joto.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimepata dawa ya kuwasahaulisha basi. Futari kubwa ya wapiga kura! Nimeomba ukumbi wa mikutano hapa kwenye fleti zetu. Nimewapigia Waswahili wote ninaowajua, na wao wakawapigia wanaowajua. Hamdiya ametoka zamu ya kulea wazee, amesimama jikoni tangu adhuhuri. Sambusa, mbaazi za nazi, mahamri, uji wa pilipili manga. Hakunisemesha. Nimeichukua kuwa ni ishara ya kunikubali.

Watu walijaa mpaka milangoni. Wapwani, Wabara, Wakongo, hata Mmasai mmoja. Kathure alipoingia alishika kifua. Nikamwonyesha Elphas umati kwa mkono, hivi, kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Elphas akamaliza tende yake, akaomba wenye haki ya kupiga kura katika eneo bunge letu wanyooshe mkono.

Mikono miwili. Mmoja ulikuwa wa mtu anayeomba chumvi.

Wengine ni wanafunzi, wengine wanasubiri uraia, wengine wametoka miji ya mbali, Garland na DeSoto. Wamekuja mwendo wote huo kwa ajili ya mbaazi! Nilitamani nizame ndani ya sufuria.

Nilidhani Kathure angekwenda zake. Hakwenda. Mama mmoja Mkongo, Esperance, anayefanya kazi ghalani Garland, akasimama akamuuliza: "Na sisi wenye hatuna kura, utatusikiliza pia, ama tunakula tu tunarudi nyumba?" Kathure akavuta kiti akakaa mbele yake. Akamwambia kura si tiketi ya kusikilizwa, aseme. Wakazungumza mpaka uji ukapoa. Kisha Esperance akaomba aje kusaidia kupiga simu. Na wenziwe pia.

Sijaelewa. Hawana kura, hawakuahidiwa kitu, na wanajitolea. Nimemuuliza Hamdiya. Akanipa sufuria nisugue.

Jumanne, 17 Oktoba

Siku mbaya.

Jioni kulikuwa na mdahalo kwenye ukumbi wa kanisa. Mbunge aliyeko hakuja, alituma salamu. Nilifuturu kwa tende garini nikaingia. Kulia, watu wa upande wa kulia wa Mtaa wa Willow. Kushoto, wa kushoto. Wamekaa kama harusi ya familia mbili zisizopatana.

Nikajibanza nyuma ya dumu kubwa la kahawa.

Bwana wa gari kubwa akasimama. Akasema mtu wa Kathure, mwenye suti, alimwapia kwamba basi halitakuja kamwe. Bibi Wanda naye akasimama kwa fimbo yake. Akasema mtu huyo huyo alimwahidi basi, mlangoni kwake, na kwamba yeye tayari ameshamwambia daktari. Kelele! Mtu mmoja akapaza sauti, akauliza hii ndiyo imani inayorudishwa? Nikageuza mgongo ili nijikunyate zaidi. Makalio yakafungua bomba la dumu. Kahawa yote surualini. Ya moto! Nikapiga ukelele ambao sikuupanga. Ukumbi mzima ukageuka.

Bibi Wanda hakuniona vizuri, lakini akaijua sauti. Akasema: "Ndiye huyo."

Kathure alisimama pale mbele, mikrofoni mkononi. Elphas akamwashiria kitu, nadhani anikane. Mimi mwenyewe ningejikana.

Akasema: "Yule ni Anko Swafwani. Sikumtuma aseme hayo, lakini ni mtu wangu, kwa hiyo kosa ni langu. Mbunge mmoja hawezi kuleta basi, wala hawezi kulizuia. Mji ndio unaoamua. Naweza kusukuma. Je, nitafanikiwa? Sijui."

Ametamka kweli! Mbele ya watu! Nikafumba macho.

Kisha bwana wa gari kubwa akapiga makofi, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana. Halafu wengine. Si wote. Wengine walitoka wamekunja uso.

Mbona amepiga makofi? Hakupewa kitu. Hata lile "halitapita" nililompa amenyang'anywa.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimeitwa ofisini. Nilijitayarishia hotuba ya kujiuzulu, ndefu, yenye aya ya Kurani na methali mbili. Kathure hakuitaka. Macho yalikuwa mekundu. Akasema hanifukuzi, ila nirudi Mtaa wa Willow, mlango kwa mlango, niseme mwenyewe kwamba nilidanganya.

Nikamwambia Anko wake anaweza kufa kwa haya. Akasema Anko wake hatakufa, na Elphas atanipeleka.

Mlango wa kwanza umefungwa puani mwangu. Wa pili, mbwa. Wa tatu walicheka mpaka wakaniita ndani nirudie mbele ya shemeji yao. Kila nikitoka, Elphas ananiuliza nimesema yote? Nikiwa nimeruka yale niliyowaahidi wa upande wa pili, ananirudisha. Kijana hana huruma.

Mlango wa Bibi Wanda nilisimama muda bila kugonga. Alifungua mwenyewe. Nikasema hakuna basi, bibi, nililitunga. Hakunitukana. Uso ulishuka tu, kama pazia. Akakaa kwenye kiti cha barazani.

"Nilijua," akasema. "Lakini nilijisikia vizuri siku mbili tatu."

Wallahi, afadhali mbwa.

Halafu akasema watu wengi wamegonga mlango huo kuomba kura miaka yote, na mimi ni wa kwanza kurudi. Nikamuuliza kliniki lini. Kesho asubuhi. Nikamwambia nitampeleka na gari langu. Elphas akanikumbusha kwa ukali kwamba hii isihusishwe na kura hata kidogo. Nikamwambia nani kataja kura? Kwa kweli kwa dakika ile sikuwa nimeikumbuka. Inanisumbua. Labda ni njaa.

Jumanne, 24 Oktoba

Idi mbili mwaka huu. Msikiti mmoja umeona mwezi juzi, mwingine jana. Hamdiya akasema tusherehekee zote, tumepatana. Nilimpeleka Bibi Wanda kliniki tena, nikamchukulia halua. Ananiita "yule mwongo wangu." Sijui kama ni sifa.

Jumanne, 7 Novemba

Siku ya kura! Suti imetoka kwa dobi, doa la kahawa halikutoka. Nimeingia kituoni kifua mbele. Raia kamili tangu mwaka juzi! Nikatafuta jina la Kathure kwenye skrini. Halipo. Nikashuka, nikapanda. Halipo!

Wizi wa kura! Nikapaza sauti. Mama msimamizi akaja mbio. Akaniomba anwani. Akaeleza kwa upole kwamba mpaka wa eneo bunge unapita katikati ya barabara yetu, nami naishi upande wa pili.

Nikampigia Elphas. Akasema anajua tangu siku ya kwanza, iko kwenye ramani. Nikamuuliza mbona hakuniambia? Akasema alijaribu, nikamwambia nisionyeshwe rangi.

Jioni, ofisini, matokeo. Tumeshindwa. Kwa kura chache, lakini kushindwa ni kushindwa. Kathure alikwenda akasimama peke yake kwenye kona ya pasi, mabega yanatikisika. Esperance akamfuata akamkumbatia. Kisha wakarudi, na watu wakaanza kula na kucheka! Bwana wa gari kubwa alikuwapo, ameleta nyama ya kuchoma. Wanapanga kwenda pamoja kwenye baraza la mji, yeye na Bibi Wanda, wakabishane kuhusu basi huko huko. Kathure anasema atagombea tena. Nani amekufa, nani ameoa? Sielewi hii ni matanga au harusi.

Elphas akaleta ramani. Mtaa wa Willow ndio uliotupa kura nyingi kuliko mitaa yote. Kathure akanishika bega, akasema ni kwa sababu nilirudi.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimefikiri sana jambo hili nikiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Kathure ni mtoto mzuri lakini hana uzoefu. Eti kwa sababu nilirudi. Sasa, ningerudi vipi kama sikuahidi kwanza? Ahadi ndiyo mbegu! Ndiyo maana mitaa ya Elphas, aliyokwenda akasikiliza tu, ilikuwa mikavu.

Hamdiya kaniambia nimfanyie hisani, nisirudie kumwambia mtu mwingine maneno hayo.

Mwezi ujao Jumuiya ya Waswahili inachagua mwenyekiti. Nimechukua fomu. Hoja kubwa ni ukumbi mpya wa harusi ujengwe wapi. Asubuhi nimewapigia watu wa Garland, nikawahakikishia utajengwa Garland. Mchana nimewapigia wa DeSoto, nikawahakikishia DeSoto.

Wote wamefurahi mno. Kumbe siasa si ngumu hivyo.