Malalamiko ya Shamba la Tatu, Lisilotiwa Kitu

Mkwajuni, Kirongwe,
Mafia.
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Kwa Mkuu wa Kituo,
Kituo cha Utafiti na Ugani wa Minazi, Mkwajuni.

YAH: KUSAHAULIWA KWA FAMILIA ILIYOJIZUIA KWA MIAKA AROBAINI NA MINNE

Bibi Thuwaiba,

Asalaam aleikum. Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana kwa miaka yangu sitini na mmoja najua ungeniamkia, na jambo lenyewe halina nafasi ya kungojeana.

Jumatano iliyopita Mtendaji wa kijiji, Taufiki, alitusomea barazani rasimu ya kitabu cha historia ya kituo chenu, ambacho Jumatatu kinakwenda kupigwa chapa kwa ajili ya sherehe ya miaka arobaini na mitano. Ni kitabu kizuri. Kina picha ya mnazi, picha ya gari, na picha ya mnazi mwingine. Kimewataja wakuu wote wa kituo, madereva wote, na mbuzi wa kituo aliyekufa kwa kula mbolea mwaka 1987. Sisi hatumo. Ukurasa wa kumi na nne unasema hivi tu: “Shamba la tatu lilikuwa la mkulima mmoja ambaye hakufanya chochote.”

Mkulima mmoja huyo ni marehemu baba yangu, Hafidhi Sudi, na baada yake ni mimi. Naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa heshima na kwa namba.

1. Kutofanya chochote kumeandikwa kana kwamba ni kazi nyepesi. Mwaka 1981 bwana shamba wenu wa kwanza, Bwana Awadh, alimweleza baba kwamba utafiti wa mbolea unataka mashamba matatu: la kituo litiwe kila kitu, la jirani yetu Haitham litiwe nusu, na letu lisitiwe kitu, ili wataalamu wapate pa kulinganishia. Baba alikubali mbele ya watu wazima wanne. Hakutia mbolea, hakutia samadi, hakumwaga hata maji ya kuoshea sahani. Kwa kuogopa kishawishi aliacha hata kuingia humo, akawa anaitazama minazi yake kutoka kibarazani. Katika ugonjwa wake wa mwisho alinishika mkono akaniambia, “Shaibu, mwanangu, usiguse.” Wenzangu wamerithi mashamba, mimi nimerithi katazo, na nimelitunza. Mguu wangu haujakanyaga shamba lile tangu tulipomzika. Kila msimu huingia wakwezi na karani wenu wa kuhesabu nazi, nami huwapungia mkono nikiwa nimekaa.

2. Haitham alipewa mbolea, fulana, kofia, baiskeli, na safari ya Nane Nane mara mbili. Sisi tulipewa kibao. Kimepigwa misumari njia panda, watu wote wakione: SHAMBA LA 3, HALITIWI KITU. Walipokuja wajomba wa kijana kumposa binti yangu Warda, walikisoma kibao kile wakaulizana kama na jikoni kwetu mambo ni hayo hayo. Posa ilikaa miaka miwili bila wao kurudi.

3. Nilizuiwa kujua. Mwaka 1998 bwana shamba alikuja na kipaza sauti kumfundisha Haitham namna ya kumtoa chonga, yule mdudu mwenye pembe anayekula kilele cha mnazi. Kwa kuwa ua wetu ni mmoja, aliniomba kwa adabu niingie ndani nisije nikasikia na kuharibu utafiti. Niliingia. Nilijiziba masikio kwa vidole kwa saa moja na nusu, na alipomaliza akasahau kuja kuniambia nitoke. Sijui katika historia yote ya ugani kama kuna mwanafunzi aliyekosa somo kwa bidii kama ile.

4. Sasa nakuja kwenye matokeo, na hapa ndipo ninapoudhika hasa. Ukurasa wa ishirini na mbili unasema kwamba kwa wastani wa miaka yote, mnazi wa kituo umezaa nazi sitini na moja kwa mwaka, wa Haitham hamsini na nane, na wa kwetu sitini. Baada ya hapo kitabu kinahangaika kurasa tatu nzima. Mara lawama ni ya mvua, mara ni ya udongo, mara ni ya upepo wa kutoka Ras Mkumbi. Wakuu watatu wa kituo walihamishwa kwa ajili ya kitendawili hicho, na mmoja nasikia yuko bara siku hizi anatafiti alizeti, wala hataki kusikia habari ya nazi. Katika wataalamu wote hao hakutokea hata mmoja wa kusema lililo wazi, kwamba labda Shaibu na baba yake walikuwa wanajizuia vizuri.

5. Hesabu yangu ni hii. Kituo kizima, chenye wafanyakazi kumi na mmoja, magari mawili na nyumba ya wageni, kimetuzidi nazi moja kwa kila mnazi. Hiyo moja nayo huangushwa ikiwa dafu, ikanywewa na wageni siku ya ukaguzi. Kwa hiyo tuko sawa. Wahenga walituambia mchumia juani hulia kivulini. Sisi tumechumia humo humo kivulini, na takwimu ni zenu wenyewe.

Kutokana na hayo naomba, kwanza, jina la baba na langu yaandikwe kwa ukamilifu, na picha yangu niliyoambatanisha, ile ya kanzu, iwekwe kabla ya ile ya mnazi wa pili. Pili, nipewe cheo cha Mtafiti. Tatu, niruhusiwe kutoa mafunzo ya kutogusa kwa wakulima wote kuanzia hapa Kirongwe hadi Kilindoni. Mtihani wa mwisho utakuwa kukaa siku nzima mbele ya gunia la mbolea. Nne, kama hayo ni mazito, nikabidhiwe kituo chenyewe. Nitakifunga kwa wiki moja na hakuna nazi itakayopungua.

Bibi Thuwaiba, nisikufiche. Baba yangu hakuwahi kupigwa picha, na hakuna karatasi yoyote duniani yenye jina lake. Wajukuu zake watapewa kitabu hicho shuleni, wasome kwamba babu yao alikuwa mtu mmoja mvivu. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nisalimie karani wako Sabra, madereva wote wawili, na mama anayewapikia chai. Haitham simtumii salamu, kwa kuwa anapita hapa kila jioni.

Wako mtiifu katika kutotia kitu,

Shaibu Hafidhi Sudi,
Shamba la 3.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nilimpa barua hii mke wangu, Mwanasiti, aipitie. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika kwenye habari ya baba akaacha kucheka, akaniambia nisiipeleke.

Anasema alipotoka fungate tu, marehemu mama yangu, Bi Kidawa, alimpa jembe. Kila Ijumaa, sisi wanaume tukiwa msikitini na mabwana shamba wenu wakiwa safu moja na sisi, mama alikuwa akifukia matumbo ya samaki, samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni kwenye mashina ya minazi ile, tangu mwaka ule ule wa 1981. Alimwambia, “Mwanangu, mnazi haujui utafiti, unajua njaa. Wageni hawatakuja kuhesabu aibu yetu.” Mama alipofariki Mwanasiti aliendelea peke yake. Hajakosa Ijumaa ila alipojifungua, na mara ya mwisho ilikuwa jana.

Naomba basi uyafute madai yangu yote, na picha yangu uirudishe. Ile sentensi ya mkulima ambaye hakufanya chochote ibaki kama mlivyoiandika, maana kwa baba na kwangu ni kweli tupu. Ila yaandikwe majina mawili, Kidawa binti Makame na Mwanasiti binti Jumanne, na mkitaka cheo cha Mtafiti mpeni aliye hai. Nimemuuliza kama atakubali kuja kuwaeleza wataalamu kipimo anachotumia. Amesema mje nyumbani siku yoyote mnayopenda, ila si Ijumaa adhuhuri, wakati huo ana kazi.