Mashine ya Ini Yazinduliwa Mafinga

Mgeni rasmi, ambaye hakufika na amenituma nimwakilishe, kwa hiyo mgeni rasmi ni mimi. Waheshimiwa madiwani mliopo na mliotuma udhuru. Baba paroko, mchungaji, shehe wetu. Wenyeviti, watendaji, wenye viwanda vya mbao, mamalishe, makuli, na ninyi wananchi mliosimama kwenye ukungu tangu asubuhi mkinisubiri nimalize chai: itifaki imezingatiwa. Kamweneee! (Kamwene.) Hamjala nyie? (Sauti: "Bado!") Asanteni sana.

Kwa msionifahamu, mimi ndiye Crispin Kalinga, Mratibu Mkuu wa Mpango Mkakati Mtambuka wa Ini Salama, cheo ambacho sikukiomba, nilipewa nikiwa nimekaa zangu.

Ndugu wananchi, mchakato huu ulianzia kwenye semina kule Mbeya, pale Iyunga, ambako sisi wadau tulijifungia hotelini kwa uchungu mkubwa wa nchi, na mtaalamu mmoja akasimama akatueleza kwamba hata mtu mwembamba kabisa, asiye na kitambi wala mashavu, sukari yake ya damuni ikipanda, ini lake nalo laweza kujaa mafuta kimyakimya bila kumuuma popote. Haki ya Mungu nilishtuka, nikaliweka chini paja la kuku! (Vicheko.) Nililichukua tena baadaye, maana uongozi ni ustahimilivu.

Tukafanya upembuzi yakinifu. Tukajiuliza, hayo mafuta yatapita wapi kwa mtu ambaye suruali yenyewe inamvuka? Ndipo mimi binafsi, bila kusaidiwa, nikabuni kigezo cha kisayansi: wapimwe wenye vitambi tu. Tukaanza na kamati, kwa kujitolea, huko huko Mbeya, na asilimia mia moja ya kamati ikashauriwa ipunguze bia na nyama choma. Impakti hiyo! (Makofi kutoka meza kuu.)

Lakini nyie watu mna maneno. Mkasema, "Na sisi wembamba je?" Mpango ni sikivu. Leo mashine ya kuangalia ini iko hapa, chini ya kitambaa hiki, na kitanda chake hiki pembeni. (Vigelegele.) Haya, mwembamba mmoja ajitokeze! Wewe baba, njoo. Unaitwa Sosthenes? Unapakia mbao kwenye malori? Mwoneni jamani, mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Panda kitandani, lala chali. Mpiga picha, uko wapi?

(Mama mmoja anapenya hadi mbele: "Mheshimiwa, mimi naitwa Bertha, huyo ni mume wangu. Zahanati wamempima hajala kitu, sukari kumi na mbili. Anakonda tu, maji anakunywa kama ng'ombe. Wakasema na ini liangaliwe. Tumetoka Igowole kwa ajili ya hiyo mashine. Inawashwa saa ngapi?")

Swali zuri sana mama, nimelipokea. Kuwasha ni awamu ya pili. Awamu ya kwanza ni kuzindua, kwani mtu hazai kabla hajaoa. (Sauti: "Mbona wanazaa!") Tusifike huko. Halafu mama, mtazame mwenyewe mumeo, mbavu zote nje; mtu kama huyu atakuwaje na mafuta? Baba, si una nguvu? (Sosthenes: "Siku hizi nachoka, mheshimiwa. Nikibeba kidogo tu, nakaa chini.") Unyenyekevu huo! Mpigieni makofi. (Makofi machache.)

Kabla sijamaliza, kaulimbiu. Nikisema "Ini," mnasema "Liangaliwe!" Ini! (Liangaliwe!) Nikisema "Mwembamba," mnasema "Hana neno!" Mwembamba! (Bertha: "Ana sukari!") Huyo mama mpeni maji.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru baba paroko kwa kutuazima kitambaa cha meza. Namshukuru Ombeni wa banda la mpira kwa televisheni hiyo iliyo juu ya mashine. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru seremala wetu Zabron, ambaye juzi tulipomweleza kwamba wafadhili wanadai picha ya mashine, na mashine hatuna, na kusema kweli hatujawahi hata kuiagiza, aliipiga randa yote kwa paina safi ya hapa hapa Mafinga, akachonga na vitufe kimoja kimoja, kisha akaipaka nyeupe, kitanda na vyote. Funueni kitambaa waone! Nani anasema hatuna wataalamu? (Minong'ono.)

Sosthenes, usiinuke kwanza, rangi bado mbichi. Aa, umeshainuka. Basi mama, hilo shati msilifue kwa maji, mtaliharibu. Anzeni na mafuta ya taa.

(Bertha: "Na ini lake, mheshimiwa?")

Ini halijaguswa na rangi, mama, msiwe na wasiwasi. Asanteni kwa kunisikiliza. Viongozi, chakula kiko upande huu.