Nyuki, Nyani na Meza ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Leo ndiyo leo! Toleo jipya la mfumo wetu wa kompyuta linatafutiwa jina. Mfumo ni huria: tunautengeneza kwa kujitolea, anayetaka anauchukua bure. Wengine huandika programu. Mimi nilitafsiri neno "Subiri" linalotokea kompyuta inapowaka. Hakuna afikaye popote bila kupita kwangu.

Kanuni ya majina: mnyama na sifa yake, vyote vianze na herufi moja, kwa mfuatano wa alfabeti. Tumeshatoa Jogoo Jasiri, Kiboko Kabambe, Lumbwi Laini, Mamba Mpole. Sasa ni zamu ya N. Na mama mkwe, fundi cherehani, mwenye nyumba hii, wateja wanamwitaje? Nyuki! Akishona huvuma, akikasirika huuma.

Jioni kasema tena kwamba Jumapili anaitaka meza yake, cherehani ya pili inakuja. Meza hiyo ndiyo ofisi yangu! Nikamwambia toleo jipya litabeba jina lake, dunia nzima italiona. Akaniongezea chai. Nimepona.

Jumanne, 4 Machi
Nimependekeza Nyuki Njema. Mwalimu Ngeli, mstaafu anayesimamia lugha kundini, kalitupa papo hapo. Kasema nyuki ana uhai, kwa hiyo ni nyuki mwema. Njema ni za habari na safari. Nikajitetea kwamba nyuki wangu ni wa kipekee. Kajibu kwamba hata wa kipekee ana ngeli.

Tabu tupu. Mnyama akitaka sifa, anavishwa M: mzuri, mkubwa, mrefu, mwema. Na M imeshapita!

Mke wangu kaniuliza ni nani aliyenituma kumwahidi mama yake vitu. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi
Kiraka kaniwahi! Huyu ndiye huziba matundu ya programu zetu, na anajiona sana. Kapendekeza Nyani Nadhifu. Nadhifu! Sifa isiyobadilika hata umvishe nani. Mwalimu Ngeli kamsifu mbele ya wote.

Roho iliniuma. Kisha nikaiba. Nyuki Nadhifu! Mwalimu kakubali, ingawa kaguna.

Ijumaa, 7 Machi
Kura ni kesho. Nimeandikisha kundini binamu wawili wa mke wangu, kinyozi wangu na majirani wote wa kinyozi. Mfumo hawaujui. Haidhuru. Kinyozi kalalamika kwamba "Nyuki Nadhifu" ni maneno mengi kwa mtu mwenye mkasi mkononi. Nikawarahisishia wote: andikeni NN, inatosha. Akili ni mali.

Mama mkwe kaifuta vumbi meza yangu kwa mkono wake. Kaniita mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa "huyo". Nilikaribia kulia.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! NN zimemiminika kama mvua. Mwalimu Ngeli kauliza: NN yupi? Nyuki ni NN, Nyani naye ni NN. Kanuni inasema kura yenye utata huenda kwa jina lililotangulia kupendekezwa. Nyani kashinda kwa kishindo. Kwa kura zangu! Kiraka kaniandikia kunishukuru kwa kampeni. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Toleo linatoka kesho. Na mama mkwe kaalika mashoga zake waje kuliona jina lake.

Jumapili, 9 Machi
Nilitaka kuzima umeme. Swichi kuu iko chumbani kwa mama mkwe. Wakaketi wote: mashoga, baba mkwe, mke wangu. Kompyuta ikawaka. Kwanza "Subiri". Wakasubiri. Kisha nyani, kioo kizima, meno nje, kachanwa nywele upande.

Mama mkwe akauliza kama huyo ndiye yeye. Nikamwaga yote: ngeli, nadhifu, NN, kinyozi. Akauliza kama kweli nimewasumbua watu wote hao kwa ajili ya jina lake. Nikasema ndiyo, mama. Akaanza kuvuma. Nikafumba macho.

Kumbe ni kicheko! Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema tangu azaliwe hakuna aliyewahi kulipigania jina lake, hata kwa kushindwa. Kisha akaniachia nusu ya meza. Upande wa dirishani!

Jumatatu, 10 Machi
Tunafanya kazi bega kwa bega. Yeye anashona, mimi natafsiri neno langu la pili, "Tafadhali". Meza inatetemeka, T zinatoka tatu tatu. Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Ila baba mkwe kanuna tangu jana. Yeye hakuna aliyempigania jina. Mwalimu Ngeli kasema O tutairuka, hajapata mnyama wake. Inayofuata ni P. Sasa, baba mkwe ni mchapakazi, halalamiki, mizigo ya nyumba hii yote kaibeba yeye. Mnyama wa hivyo kwa P yupo mmoja tu: Punda Poa!

Nimeshamwahidi. Kafurahi mno, kawatangazia wenzake wote kazini. Mnyama sijamtajia. Hiyo namwekea iwe zawadi.