Midomo ya Zambarau

Jumatatu, 4 Machi 1974

Tangazo mlangoni mwa maabara. Kila mtu, mfanyakazi kwa mwanafunzi, lazima ahudhurie mafunzo ya usalama siku tatu na kufanya mtihani Ijumaa. Asiye na cheti haruhusiwi kuingia chumba cha vijidudu.

Mimi! Miaka tisa ninaosha vyombo vya chumba hicho!

Aliyeandika ni Bi Filda Amito, fundi mkuu. Tangu maprofesa wa kigeni waukimbie utawala wa jeshi ndiye anayeendesha idara nzima. Eti atakayeongoza kwa alama mtihanini atakabidhiwa ufunguo wa chumba. Odur, mwenzangu wa meza ya pili, ameshanunua daftari jipya. Amelivisha jalada la gazeti. Mtu mzima!

Mpango: nisaini mahudhurio, nitoke mlango wa nyuma, Alhamisi nimwombe Odur daftari.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umekwenda vizuri mno. Nimesaini kwa kalamu ya Bi Filda, nikaomba kwenda msalani, nikatokea kantini. Chai. Karanga. Niliporudi saa sita, Bi Filda alinitazama usoni kwa muda mrefu, akauliza kama nilinawa kabla ya kula. Nikasema nilinawa mara mbili, kwa sabuni. Akasema vizuri sana, Bwana Tajudin. Wanafunzi wote wakainamisha vichwa. Heshima, nadhani.

Jioni, njiani kurudi nyumbani mtaa wa Kamwokya, kizuizi cha jeshi. Watu wamekalishwa chini, mifuko imemwagwa. Sajini akaja, akanitazama, akarudi hatua mbili.

“Wewe! Mdomo yako nafanya nini?”

Sikuelewa. Nikamwambia ninatoka kazini, maabara ya vijidudu.

“Pita! Pita mbio! Usiguse mtu!”

Kitambulisho hakutaka hata kukishika. Ajabu!

Nyumbani nikaingia polepole jikoni, nikajionjea sukari kidogo. Mara Nusura, mke wangu, akanikuta, akapiga ukelele. Kioo kikaletwa. Midomo zambarau. Pua zambarau. Tundu la sikio la kulia zambarau! Kisha akaona alama za vidole vinne, zambarau, kwenye kopo la sukari analolificha nyuma ya gunia. Sukari haijaonekana mjini wiki ya tatu sasa, nami nilikuwa nimeapa sijui kopo liliko.

Nimelala na njaa.

Jumatano, 6 Machi

Odur amenieleza kwa furaha kubwa. Kalamu ilinyunyiziwa unga wa rangi, ule wa kutia vijidudu rangi kwenye vioo vya darubini. Ukiwa mkavu hauonekani. Ukipata unyevu, zambarau. Lilikuwa somo la kwanza: jinsi vijidudu vinavyosafiri kutoka mkononi hadi mdomoni. Wenzangu wote waliambiwa na wakanawa. Mimi nilikuwa kantini.

Somo la pili nilikuwa mimi. Nilisimamishwa mbele. Wanafunzi walinichora. Mmoja alinipima sikio kwa rula.

Lakini sikio lilifikaje? Sikumbuki kuligusa hata kidogo! Jambo hili limenishika. Mchana kutwa nimefuata vidole vyangu: kitasa, kikombe, kofia, shingo. Nimejihesabu: kwa saa moja nimejigusa uso mara thelathini na moja. Nikamhesabu Odur kwa siri. Ishirini na nane. Nimemshinda.

Kisha wazo! Ule unga unafungua vizuizi. Nimechota kidogo ndani ya karatasi. Jioni nimempaka jirani yangu Habib, fundi cherehani, ambaye kila wiki askari wanamvua viatu kizuizini. Habib akawaita wenzake wanne. Wameniombea dua ndefu.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi tumepita kizuizini watu sita, midomo zambarau, bila swali. Habib alitembea kama bwana harusi.

Saa nne, lori la jeshi uani. Sajini yule yule na askari saba, vitambaa puani. Wanamtaka mkuu wa maabara iliyotoa ugonjwa mjini.

Bi Filda alisimama. Mwaka jana kaka yake alipandishwa lori kama hilo, wakasema wana maswali machache tu. Mpaka leo hajarudi. Aliweka mikono yote miwili mezani, akasema mkuu ni yeye.

Mimi nilikuwa nyuma ya kabati. Ningependa kuandika kwamba nilitoka mara moja. Nilitoka baada ya muda.

Nikasema hakuna ugonjwa, ni rangi, nimeiba mimi, nikailamba mbele yao. Sajini akanikamata mkono, akaukunja. Akajifuta jasho. Bunduki saba zinatutazama. Nilimwona Bi Filda akimtazama sajini usoni. Akasema, kwa sauti ile ile ya darasani:

“Afande, usiguse macho. Njoo unawe.”

Paji la uso la sajini lilikuwa zambarau! Alipojiona kwenye kioo cha kabati alifuata kama mtoto. Akanawa, akanawa tena. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, rangi imetoka kwangu ikafika kwake vipi. Bi Filda akamweleza. Mimi nikaongeza habari za sikio. Ikawa mjadala! Askari wote wanane wakapanga foleni sinkini. Wakachungulia darubini kwa zamu. Sajini alitaka kujua kama vijidudu vina wake.

Walipokuwa wakiondoka, sajini alinionya kwamba kesho mwenye mdomo wa rangi atapanda lori, awe mgonjwa au mzima.

Bi Filda akaketi sakafuni. Akaomba maji. Nikamletea, lakini yakamwagika yote kabla ya kufika mdomoni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Habib amesugua midomo kwa mchanga.

Ijumaa, 8 Machi

Mtihani. Odur alama tisini na sita. Ufunguo ameutundika shingoni. Mimi thelathini na moja, kumi kati ya hizo kwa swali la sikio.

Bi Filda ameniita peke yangu. Nitarudia mafunzo yote kuanzia Jumatatu, kiti cha mbele. Akasema nina macho ya kudadisi, na nikikubali kukaa kitini ninaweza kuwa fundi kweli. Maneno hayo yaliniingia. Nimeahidi kwa moyo wote.

Jumapili, 10 Machi

Jana nilisikia atakayefundisha Jumatatu ni Odur! Haiwezekani.

Nimeandika barua ya daktari kwa mkono wa kushoto. Ilihitaji jina la ugonjwa, nami jana nilinakili moja kutoka orodha ya ukutani maabara, iliyoandikwa juu yake: Magonjwa ya Kuripotiwa Serikalini Saa Hiyo Hiyo. Yaani magonjwa yenye hadhi. Nimechagua kimeta. Jina fupi, halina tahajia ngumu. Kuna maelezo chini yake kwa wino mwekundu, kuhusu ng'ombe na kuchoma nguo, sikuyamaliza.

Kesho asubuhi nitampa Bi Filda barua mkononi. Sidhani kama atakuwa na maswali.